Je, soko huria ni njama ya Mayahudi?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mwenzangu anadai kuwa soko huria ni njama ya Mayahudi, na hoja yake ni Aya ya 161 ya Suratun-Nisaa, inayowalaumu kwa kula riba. Je, yuko sahihi?

JIBU: Wa alaykumus-salaam wa rahmatullah. Mwenzako ameikatiza Aya kabla haijakwisha, kwani adhabu iliyotajwa humo ni ya waliokufuru miongoni mwao, na Aya ya 162 inaanza kwa kuwatoa katika lawama hiyo wale waliobobea katika elimu. Tena onyo kali kabisa la riba, lile la vita kutoka kwa Allah na Mtume wake, limo katika Suratul-Baqara, Aya ya 279, na wanaoonywa ni waumini wenyewe.

Dhana yake ina mizizi mirefu katika Ulaya ya zama za kati, ambako aliyeheshimiwa ni mkulima na fundi, na mwenye kupata faida bila kushika jembe akatiliwa shaka. Sehemu nyingi Mayahudi walizuiwa kumiliki ardhi na kuingia katika vyama vya mafundi. Kanisa likawakataza Wakristo riba, na wafalme wakawaachia Mayahudi kazi ya kukopesha, kisha wakawakamua kwa kodi. Nchini Uingereza, Mfalme Edward wa Kwanza aliwapiga marufuku kutoza riba mwaka 1275, na mwaka 1290 akawafukuza wote. Walisukumwa kwenye kazi hiyo, wakachukiwa kwa kuifanya. Hata leo, panapoaminika kuwa faida ya mmoja lazima iwe hasara ya mwingine, hutafutwa mtu wa kubebeshwa lawama.

Mtume (s.a.w.) alikuwa mfanyabiashara. Bei zilipopanda Madina na watu wakamwomba azipange, alikataa, akasema mwenye kupanga bei ni Allah. Lakini pia alikataza kuhodhi bidhaa na kuiwahi misafara njiani kabla wenye mali hawajajua bei ya sokoni. Makatazo hayo hayaulizi nasaba ya mtendaji. Na amepokea Bukhari kwamba Mtume alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi, kwa pishi 30 za shayiri.

Kuzipinga sera za soko huria kunajuzu, na wanaosema zinawaumiza wanyonge wana hoja nzito. Kuwasingizia Mayahudi wote ni dhulma iliyokatazwa na Suratul-Maida, Aya ya 8. Mwenzako akirudia dai lake, mtake ataje mkataba wenyewe na sharti lenye riba au ghushi, nasi tutalitazama kifiqhi.

Wallahu a'lam.