Jibu: Kuanza kazi ya kuongoza wageni msitu wa Amani

Mdogo wangu hongera kwanza. Nimekuelewa, umekulia Tanga mjini, Jumatatu unaanza kazi Amani na unaogopa mgeni atakuuliza jina la ndege ukabaki umetoa macho. Hiyo isikunyime usingizi, we sema tu hilo silijui ntauliza, maana wengine wanakuja wamesoma kuliko sisi na ukiwadanganya wanajua.

Anza na vitu vichache. Kuna maua madogo ya zambarau kwenye miamba yenye kivuli, Saintpaulia, wazungu wanayaotesha kwenye vyungu madirishani kumbe kwao ni Usambara huku. Kinyonga mtafute usiku na tochi, akilala anapauka rangi kwahiyo anaonekana kirahisi kwenye majani, hapo wageni lazima wapige kelele.

Ila njia ndo kazi yenyewe. Wiki za mwanzo tembea nyuma ya mzoefu, usikubali kupewa wageni peke yako hata bosi akikubembeleza. Masika udongo ule unateleza balaa, vaa buti zenye meno, suruali chomeka kwenye soksi sababu ya siafu. Mtu akiumwa na nyoka msichanje wala kufunga kamba, mtulizeni, asitembee, mbebeni awahi hospitali Muheza, na mtandao usiutegemee so panga mapema usafiri utatoka wapi.

Halafu leseni ya kuongoza watalii, nani anailipia? Uliza kabla hujasaini. Na tipu usiipigie hesabu ya kodi ya nyumba, kuna miezi wageni hawaji kabisa.