Neno "nasaha" ndilo lililonichelewesha

Wiki hii mmeuliza: "Kijana aliyezidiwa na mambo ampate wapi mshauri nasaha anayemfaa?" Mimi nilimtafuta karibu mwaka mzima hapahapa Tanga, mji ambao ukipiga chafya Makorora unaombewa afya Chumbageni. Kwa hiyo nina la kusema.

Baba alifariki nikiwa mwaka wa mwisho wa chuo, Dodoma. Habari ilinifikia kwa simu, wakati wa magharibi. Nikaja, nikakuta ameshazikwa, nikakaa hadi hitima, nikarudi kufanya mitihani. Watu wakanisifu kwamba nina moyo. Miezi minne baadaye, nimeshahitimu na niko nyumbani, ikawa simu yoyote ikiita jioni mikono inakufa ganzi na moyo unanienda mbio kama mtu aliyekimbizwa. Usingizi ukapotea. Chakula nikawa nakichezea tu sahanini. Nilikuwa na miaka 23, na nyumba nzima imejaa washauri.

Maana washauri tunao tele. Somo yangu, aliyenifunda nilipovunja ungo, aliniambia nijishughulishe. Mjomba akasema marehemu anataka dua, hataki machozi. Shangazi aliona hilo ni shetani, nikapelekwa kusomewa na kunyweshwa kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa sahanini. Kombe sitalisema vibaya. Ile sauti ya shekhe akisoma ilinilaza usiku mbili mfululizo, na hadi hapo hakuna mwingine aliyekuwa ameliweza hilo. Usiku wa tatu nikawa macho tena mpaka adhana ya alfajiri.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta mshauri nasaha, na jina hilo likaniponza mara mbili. Kwanza, kwa watu wengi wa rika la mama, ushauri nasaha ni mambo ya Angaza: ni chumba unachoingia kabla ya kupima Ukimwi. Nilipolitamka tu, mama aliweka mwiko chini akanitazama tumboni, kisha usoni. Ilibidi nimwapie. Pili, mimi mwenyewe niliamini kazi ya mtu huyo ni kunipa nasaha, basi nikawa natafuta mwenye maneno matamu kuliko ya mjomba.

Nikampata. Ofisi ya binafsi, kiyoyozi, vyeti ukutani, shilingi 30,000 kwa saa. Hata sijakaa vizuri akaniuliza, "Wewe si mtoto wa marehemu fulani, wa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili?" Nikamwambia ndiye. Akamsifu baba robo saa nzima. Halafu akanieleza kuwa wasichana wengi wa umri wangu hupitia hali hiyo na wakiolewa hutulia. Nilitoka nimeshauriwa kwelikweli. Jumamosi yake shangazi akaniuliza nani kaniambia kwamba nyumbani hawanisikilizi. Maneno hayo nilikuwa nimeyasema mahali pamoja tu duniani.

Nikakaa miezi mitatu simwambii mtu kitu. Hiyo miezi inaniuma kuliko ile elfu thelathini.

Aliyenitoa ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya serikali. Nilikwenda kwake kufuatilia msamaha wa matibabu wa bibi, simu yangu ikaita, akaniona ninavyotetemeka. Akauliza, "Hii tangu lini, mwanangu?" Bibi ndiye aliyejibu. Nikaelekezwa kwa muuguzi wa afya ya akili, mlango wa tatu. Mimi nilidhani mambo ya akili ni hospitali ya Mirembe kule Dodoma, au kwetu sisi wa Tanga, Lutindi. (Lutindi iko milimani Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kwa watoto waliokombolewa utumwani, baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mama aliposikia "kliniki ya akili" picha iliyomjia ni hiyo, akalia. Nilimwapia tena.)

Yule muuguzi kabla ya lolote aliniambia: utakayosema yanabaki humu, ila nikiona unataka kujidhuru au kumdhuru mtu, itabidi nimhusishe mtu mwingine, na nitakwambia kabla. Kisha akaanza kuuliza mambo niliyoyaona ya kipuuzi: nalala saa ngapi, naamka saa ngapi, jana nilikula nini. Akaniuliza waziwazi kama nimewahi kutamani kufa. Nikasema ndiyo, na paa halikuanguka. Dakika 45 zikaisha hajanishauri kitu. Nilitoka nimenuna: mbona hakuniambia la kufanya?

Kikao cha tatu akaniomba nimsimulie ile simu, polepole, nilikuwa nimesimama wapi. Nilikuwa nafua nyuma ya hosteli, mikono ina povu, simu nikaipokea kwa vidole viwili. Washauri wangu wote wale, hakuna aliyewahi kuniuliza. Baadaye tukakubaliana rafiki yangu awe ananipigia kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni na kunisimulia upuuzi tu: nani kagombana na konda, samaki wamepanda bei. Wiki ya kwanza nilipokea nikilia. Ya nne nilikuwa nacheka.

Kwa hiyo anayetafuta, namwambia hivi. Kikao cha kwanza unamsaili wewe. Muulize amesomea nini, siri yake ina mipaka gani, bei, na mtaonana kila baada ya muda gani. Anayeongea kuliko wewe, mtilie shaka. Ukienda mara mbili tatu roho haijamkubali, shukuru uondoke. Mganga akishindwa tunamhama bila kuona haya, sembuse huyu. Mshauri nasaha au mwanasaikolojia haandiki dawa, anayeandika ni daktari, na kama utazihitaji si fedheha. Ukiwa na majonzi au hofu zaidi ya wiki mbili, hulali, huli, kazi hazishikiki, usingoje. Na fikra za kujiua zikija, hapo hakuna cha mshauri anayekufaa: nenda hospitali yoyote iliyo karibu siku hiyohiyo, na mtu wa kukusindikiza. Walio chini ya miaka 18 wana namba 116, ni bure.

Kuna wanaozungumza na mshauri wa Dar kwa simu ili kukwepa macho ya mji. Rafiki yangu ni mmoja wao. Shida ni kwamba nyumba zetu nyingi kuta hazifiki paani, ukinong'ona chumbani kwako mpangaji wa chumba cha pili anaitikia. Yeye siku ya kikao huendesha baiskeli hadi Raskazone, akakaa ufukweni na kusema yake baharini.

Muuguzi wangu amehamishwa mkoa mwezi uliopita. Ameniachia jina la mwenzake, tunaonana Alhamisi. Swali la kwanza nimeshaliandaa: ana ndugu Ngamiani?

Msomaji wenu, Tanga