Fanesi kuukuu ya gesi, Minneapolis

Pole na baridi, dada. Umeuliza kama ubadilishe fanesi, yaani tanuri la gesi la kupasha nyumba joto, yenye miaka 25. Badilisha: nyingi za umri huo hugeuza takriban asilimia 80 tu ya gesi kuwa joto la nyumba, mpya nzuri hupita 95. Ila fundi asinakili ukubwa wa ile ya zamani. Apige hesabu ya joto ambalo nyumba inahitaji. Kwangu tuliziba nyufa za darini kwanza, ikatosha ndogo zaidi.

Muulize hasa kuhusu hita ya maji. Kama inatumia dohani moja na fanesi ya sasa, na fanesi mpya isitumie dohani hiyo, hita ikibaki peke yake moshi wake unaweza kurudi ndani. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayoweza kuwa katika moshi huo, haina harufu, kwa hiyo weka king'ora cha kuigundua leo hii, karibu na vyumba vya kulala. Gesi aiguse fundi mwenye leseni tu.