Liwa Haifiki Unakofika Moshi

Kati ya barua zilizotufikia mwezi huu kutoka Tanga na Pangani, nne zinahusu jambo moja, nalo ni namna uvutaji wa tumbaku unavyobadilisha sura ya mtu. Nimezifupisha na kuyaondoa majina. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu ndani yake yamo maswali ambayo wagonjwa wengi huniuliza kwa kunong'ona wakiwa wameshafika mlangoni, tayari kuondoka.

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Mimi ni msichana wa miaka 26, mkazi wa Ngamiani, na harusi yangu ni baada ya miezi mitatu, inshallah. Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam nilijifunza shisha, kisha sigara, na kwa miaka mitano sasa navuta sigara sita au saba kwa siku bila nyumbani kujua. Juzi somo wangu alipoanza kunisugua singo alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza kwa nini midomo yangu imekuwa myeusi na uso umefubaa wakati sina ugonjwa. Nikamwambia ni jua. Nimekuwa nikisugua midomo kwa ndimu na sukari, na shoga yangu ameniletea krimu ya kung'arisha. Je, liwa na singo vitanirudishia ngozi yangu kabla ya siku ya harusi?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Liwa na singo vitaondoa ngozi iliyokufa juu, vitakulainisha na kukunukisha vizuri, na sina neno dhidi yake, kwani ni hazina ya bibi zetu. Lakini havifiki mahali moshi unakofika. Ngozi unayoisugua ni tabaka la juu tu. Chini yake liko tabaka nene lenye vijishipa vidogo vya damu, na humo ndimo mng'ao wa uso unamotoka. Nikotini hubana vijishipa hivyo kila unapovuta, hivyo damu inayofika usoni hupungua. Na hata ile inayofika huwa imepungukiwa, kwa kuwa moshi wa sigara una hewa ya kaboni monoksidi, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, ikakaa kwenye nafasi ya oksijeni na kusafiri nayo mwili mzima. Kwa watu weupe hali hii huonekana kama rangi ya kijivu usoni. Kwetu sisi weusi na maji ya kunde huonekana kama kile alichokiona somo wako: uso umefubaa, umepoteza maji yake, mithili ya kanga iliyosahauliwa juani kwa wiki nzima.

Midomo ina habari yake. Ngozi ya mdomo ni nyembamba, na kemikali za moshi huziamsha seli zinazotengeneza melanini, yaani ile rangi inayoifanya ngozi kuwa nyeusi, zikatengeneza kupita kiasi kana kwamba zinajikinga na adui. Weusi huo hutokea kwenye midomo na kwenye ufizi wa mbele. Nikutahadharishe hapa kwamba wengi wetu tumezaliwa na fizi nyeusi, kwa hiyo usimtazame mtu kinywani ukamhukumu kuwa ni mvutaji; kinachosema ukweli ni mabadiliko, pale mdomo uliokuwa wa rangi moja unapoanza kuwa na mabaka au kuwa mweusi kuliko ulivyokuwa miaka michache iliyopita.

Sasa naomba uache ndimu leo hii. Asidi yake huichubua ngozi ya mdomo, na maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani, huleta muwasho unaoacha doa jeusi zaidi ya lile ulilokuwa ukilifukuza. Nimewaona akina mama waliokamua ndimu mchana kwenye shughuli wakabaki na michirizi myeusi mikononi kwa wiki nyingi. Hiyo krimu nayo usiipake kabla ya kujua kilichomo. Zebaki na hidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini mwetu, lakini krimu zenye vitu hivyo bado hupita kwa mlango wa nyuma, na zebaki huingia mwilini kupitia ngozi ikaharibu figo. Mdomo ni mahali pabaya zaidi pa kuipaka, kwa maana utailamba.

Kuhusu shisha, umeandika kana kwamba ilikuwa hatua ndogo kabla ya sigara. Maji ya shisha huupoza moshi tu, hayausafishi, na mkaa unaowekwa juu huongeza kaboni monoksidi yake mwenyewe. Mtu akikaa barazani na shisha kwa saa nzima huvuta moshi mwingi kupita ule wa sigara moja.

Habari njema ni kwamba hesabu ya siku iko upande wako. Mtu akiacha kuvuta, kiwango cha kaboni monoksidi katika damu hushuka hadi cha kawaida ndani ya saa 12 hivi, na mzunguko wa damu huanza kuwa bora kati ya wiki 2 na wiki 12. Harusi yako iko baada ya wiki 12 au 13. Ukiacha wiki hii, uso utakaofika ukumbini utakuwa umepata damu yenye oksijeni kwa miezi mitatu, na singo ya somo wako itakuwa na kitu cha kung'arisha. Midomo sitakuahidi. Weusi wake hupungua polepole sana baada ya kuacha, kwa miezi mingi na wakati mwingine miaka, hivyo siku hiyo utaona mwanzo tu wa mabadiliko. Hilo si aibu, rangi ya mdomo ipo, na mpambaji anajua kazi yake.

Siku tatu au nne za mwanzo zitakuwa ngumu kuliko zote: utakuwa na hasira za karibu, usingizi utakupaa na kichwa kitauma. Hamu ya sigara huja kama wimbi, hudumu dakika chache, kisha hupungua hata usipovuta. Usipite peke yako. Mwambie somo wako ukweli. Kazi yake tangu asili si kusugua tu. Ni kusikia yale ambayo mwari hawezi kumwambia mama yake, na kwa jinsi alivyokugeuza dirishani nadhani ameshajua nusu yake.

SWALI: Daktari, mimi ni mvuvi wa Sahare, nina miaka 58, na nilianza kuvuta nikiwa na miaka 17. Kaka yangu amenitangulia kwa miaka minne. Naye ni mvuvi, jua letu ni moja na chumvi yetu ni moja, ila yeye hakuvuta kamwe. Mwezi uliopita tulikwenda msibani Muheza, kijana mmoja akaniamkia mimi kwanza, akaniita babu, kisha akamwuliza kaka yangu kama mimi ndiye mkubwa wake. Siku zote nimesema ni jua la baharini lililonichakaza. Je, sigara inazeesha kweli? Na mbona fizi zangu hazitoki damu hata kidogo, lakini meno mawili ya chini yanacheza?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Barua yako imenigusa, kwa sababu wewe na kaka yako mmefanya bila kukusudia jaribio ambalo wataalamu hulitafuta kwa shida: damu moja, kazi moja, jua moja, na tofauti moja. Huko Marekani, katika mji wa Twinsburg, jimbo la Ohio, mapacha hukusanyika kila mwaka kwa tamasha lao, na watafiti wakatumia nafasi hiyo kuwapiga picha pacha wa jozi 79 ambao mmoja alivuta na mwenzake hakuvuta, au mmoja alivuta kwa miaka mingi zaidi. Waliozikagua picha hizo hawakuambiwa nani mvutaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: wavutaji walionekana na mifuko zaidi chini ya macho, kope za juu zilizolegea, mikunjo mirefu kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo, makunyanzi juu ya mdomo na mashavu yaliyoshuka kwenye taya. Tofauti ya miaka mitano tu ya kuvuta ilitosha kuonekana. Kabla ya hapo, mwaka 1985, daktari wa Uingereza aitwaye Douglas Model alieleza katika jarida la kitabibu kwamba aliweza kuwatambua karibu nusu ya wagonjwa wake waliokuwa wamevuta kwa miaka kumi au zaidi kwa kuwatazama usoni tu. Alitaja mikunjo, uso uliokonda hadi mifupa ikajitokeza, rangi ya kijivu na wekundu usio wa kawaida. Huo wekundu hauonekani kirahisi kwenye ngozi yetu, lakini uso uliosawijika na mashavu yaliyobonyea tunayaona kila siku pwani hii.

Jua halina kesi? Linayo. Miale yake huharibu ngozi, na sigara huharibu kitu kile kile kutokea ndani. Ngozi hushikiliwa na nyuzi za kolajeni zinazoipa uimara na nyuzi za elastini zinazoirudisha mahali pake ikivutwa. Moshi huuchochea mwili kutoa vimeng'enya vinavyozikata nyuzi hizo, na wakati huohuo hupunguza utengenezaji wa nyingine mpya, sawa na jarife linalokatika usiku na mchana halina wa kulishona. Melanini yetu hutukinga na jua, ndiyo maana watu weusi huchelewa kupata makunyanzi. Kaka yako amekuwa akiifaidi kinga hiyo, na wewe umekuwa ukiipoteza kidogo kidogo tangu ukiwa na miaka 17. (Umri huo leo muuza duka haruhusiwi kumuuzia mtu sigara, kwa kuwa sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inataka mnunuzi awe ametimiza miaka 18.) Ongeza na namna ya kuvuta kwenyewe: midomo hukunjwa kuifumbata sigara, macho hufinywa kuukwepa moshi, mara nyingi kwa siku, kwa miaka 41. Mvuvi ambaye tayari hufinya macho kwa mng'aro wa maji hupata mistari hiyo maradufu.

Suala la meno ndilo lililonifanya niweke barua yako mbele ya nyingine. Fizi zisizotoka damu si dalili ya uzima kwa mvutaji. Nikotini inayobana vijishipa vya usoni hubana pia vya ufizi, hivyo ufizi ulioumwa, ambao kwa mtu mwingine ungetoka damu kwenye mswaki na kumtia hofu akaenda hospitali, kwako hukaa kimya. Chini yake ukoga umeganda, mfupa unaoshika jino unaliwa, na habari ya kwanza kuipata ni jino kucheza. Nenda kliniki ya kinywa na meno wiki hii, usisubiri maumivu. Waambie umevuta kwa miaka mingapi, usipunguze. Ukiacha sigara, huenda fizi zikaanza kutoka damu baada ya wiki kadhaa. Usiogope wala usirudie kuvuta, kwani damu imerejea mahali ilipokuwa imezuiwa, na matibabu yafanyike hivyo hivyo. Na ikiwa kuna kidonda mdomoni au baka jeupe lisilofutika lililokaa zaidi ya wiki tatu, waonyeshe siku hiyo hiyo, maana hilo haliko tena katika mambo ya sura.

Makunyanzi yaliyokwisha kuingia hayatafutika. Yatakayopungua ni yale ambayo yangefuata. Umanjano wa vidole, ambao hutokana na lami ya moshi, huondoka ngozi na kucha zinapoota upya.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 44 wa Pangani. Sijawahi kushika sigara, ila natafuna tambuu yenye tumbaku tangu nilipoolewa. Je, nami nimo?

JIBU: Umo, dada yangu. Wazee wetu waliuita mchanganyiko huo wa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku kwa jina la uraibu, na neno hilo hilo leo tunalitumia kwa kila jambo lililomshika mtu asiweze kuliacha. Kwa kuwa huna moshi, uso wako umesalimika na kaboni monoksidi, lakini meno hubeba wekundu na weusi, ufizi huchubuka pale tonge linapokaa, na popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inajulikana kuwa husababisha saratani ya kinywa. Ukiona kinywa kimeanza kukaza na huwezi kukifungua kama zamani, muone daktari haraka. Anza kwa kuondoa tumbaku na popoo.

SWALI: Nina miaka 29, wa Makorora. Nataka kuacha sigara, lakini walioacha wamenenepa, na kazi yangu inahitaji umbo. Nifanyeje?

JIBU: Ni kweli kwamba walioacha huongezeka uzito, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, ingawa wapo wasioongezeka kabisa. Lakini lipo jambo ambalo wavutaji hawaambiwi: mvutaji anaweza kuwa mwembamba kwenye mizani na bado mafuta yake yakajikusanya tumboni kuliko ya mtu asiyevuta mwenye uzito uleule. Wembamba huo haukupi umbo unalolitafuta. Unapoacha, ladha na harufu hurejea, chakula kikawa kitamu, na mkono uliozoea sigara hutafuta kitu cha kutia mdomoni, ndipo maandazi yanapoingia. Weka karibu maji, karoti na matango, tembea kwa miguu jioni hadi Raskazone na kurudi, na usianze kujinyima chakula wiki ile ile unayoacha, kwa sababu vita viwili kwa pamoja huwashinda wengi. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu kabla ya kuacha, upime tena baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka, kisha utuandikie vipimo vyote vitatu.