Kabla Hujabonyeza Tena

Mashua yetu ilipwelewa Takwa siku ya bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na aliyepaswa kuangalia maji nilikuwa mimi.

Asiyefika Takwa ajue kwamba ni magofu ya mji wa Waswahili katika kisiwa cha Manda, hapa Lamu, Kenya, mji uliohamwa karne ya 17. Kwa chombo unafika huko kwa kupita mkono wa bahari unaopenya kwenye mikoko. Maji yakijaa unaingia, yakipwa panabaki tope. Ndiyo maana nahodha akishuka na wageni huacha mtu chomboni. Ami yangu aliniacha mimi, akaenda kuwaonyesha wageni wanne msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla. Aliniambia neno moja tu: "Maji yakigeuka niite, mwanangu."

Nilitaka kufungua ukurasa fulani kwenye Chrome, kivinjari cha Google cha simuni, mtandao ukakata. Pale kwenye mikoko hukata sana. Ikatokea ile dainosa ndogo ya kijivu, mchezo unaojitokeza mtandao ukikosekana, nikaigusa, ikaanza kukimbia.

Nilipoinua macho mizizi ya mikoko ilikuwa nje na mashua imelalia ubavu. Kutoka maji kujaa hadi kupwa kabisa ni saa sita hivi, na kurudi kujaa ni saa sita nyingine. Tulitoka usiku. Ami aliwarudishia wageni fedha zao zote. Hakunigombeza. Tulipokuwa tumekaa gizani tukingoja maji, aliniuliza: "Huo mchezo wenyewe huisha vipi?"

"Hauishi, Ami. Unaanguka, unaanza tena."

"Hauishi?" Akanyamaza kidogo. "Bao lina kete 64. Mmoja akiishiwa za mbele, limekwisha, watu wanainuka."

Swali lile limenikaa hadi leo, na ushauri wangu wote umetoka humo.

Michezo ya kukimbia bila mwisho ina miaka sasa. Adam Saltsman alitoa Canabalt mwaka 2009, mtu anakimbia juu ya mapaa na wewe una kitufe kimoja tu, cha kuruka. Temple Run ikaja 2011, Subway Surfers 2012, na hii ndiyo vijana wengi wa hapa Lamu wanayoijua, ya mtoto anayekimbia relini akifukuzwa na askari na mbwa. Dainosa ya Chrome iliwekwa na Google mwaka 2014 kwa ajili ya mtu aliyekosa mtandao, na mwaka 2018 Google walisema inachezwa mara milioni 270 kwa mwezi, sana sana katika nchi ambazo mtandao ni ghali au hautegemeki. Sikushangaa. Mtu aliyeishiwa na bando anajua kwa nini.

Utamu wake ni wa kweli, na sitaki mtu amdharau anayeupenda. Huna cha kujifunza, kidole kimoja kinatosha. Dainosa inaruka dungusi, inainamia mijusi yenye mbawa, mwendo unazidi kidogo kidogo, na kila alama 100 unasikia mlio na namba zinamemeteka. Ukianguka, unajua umeanguka kwa kosa lako mwenyewe, tena kosa dogo, ungewahi nukta moja tu. Hapo ndipo penye ndoano. Kuanguka kunauma kidogo, na dawa ya maumivu hayo imewekwa palepale chini ya kidole. Kabla akili haijasema neno, mkono umeshabonyeza. Waliouunda mchezo huo wamesema kikomo chake ni kama miaka milioni 17. Basi ukingoja mchezo ukuruhusu kwenda kazini, utangoja.

Nilijaribu kutega kengele ya dakika kumi. Haikunisaidia, nami siishauri. Kengele hulia ukiwa katikati ya mbio, mkono unainyamazisha, unaendelea. Kilichonifaa ni kuhesabu maanguko. Najiambia kabla sijaanza: matatu. Nikianguka mara ya tatu nazima simu. Kengele inakukatiza, lakini anguko limeshakusimamisha lenyewe, unachofanya wewe ni kutokubali kuanza upya.

Na kati ya anguko na anguko, ondoa kidole kwenye kioo. Kiondoe kabisa, kisha tafuta kitu cha mbali ukitazame. Mimi nikiwa gatini Mokowe tunangoja abiria wajae, natazama upande wa Lamu mpaka nione chombo kinachokuja. Ni pumzi mbili tatu tu, lakini mara nyingi zinatosha kuitoa hamu ya kurudia. Zisipotosha, nacheza tena, na hakuna dhambi. Kungoja abiria ni kungoja hasa, wala hakuna kinachoharibika nikiruka dungusi mbili.

Lakini kuna kungoja ambako ndiko kazi yenyewe. Kulinda chombo, kukaa na mgonjwa, kuangalia chungu jikoni, kumsikiliza mamako akikueleza jambo refu. Kwa nje kunafanana na kukaa bure, na hilo ndilo lililonidanganya mimi Takwa. Huko usiguse mchezo hata mara moja, maana hakuna hesabu ya maanguko itakayokuokoa.

Wenye watoto nawaomba jambo moja. Usimpokonye mtoto simu akiwa mbioni. Kwake yeye umemwangusha, na atalia kilio cha aliyedhulumiwa. Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa. Nakaa karibu naye, naangalia mbio zake, akianguka namwambia, "Haya, baba, hilo la pili, limebaki moja." La tatu ananipa simu mwenyewe. Kuna siku hukunja uso, lakini hunipa. Inataka subira ya dakika chache, nayo ni nafuu kuliko ugomvi wa jioni nzima.

Mwaka 2014 Dong Nguyen wa Vietnam aliuondoa mchezo wake wa simu wa Flappy Bird, wa kumrusha ndege kati ya mabomba, uliokuwa ukimwingizia fedha nyingi, akieleza kwamba umekuwa wa kulevya watu. Namheshimu kwa hilo.

Ami ameniruhusu tena kubaki na chombo Takwa. Nikifika nachomeka upondo, ule mti wa kusukumia chombo, ukingoni pale maji yalipo, simu naiweka kwenye mfuko wa Ami kabla hajashuka. Maji yakiacha upondo kwa shubiri moja, naita.