Kwa nini simtumi tena mtoto dukani?

SWALI: Ndugu Mhariri, tulipokuwa tukiishi Magomeni, mwanangu wa miaka tisa alikuwa akitumwa dukani na kwenda madrasa peke yake. Tangu tuhamie Kibada, penye viwanja vikubwa na utulivu, siwezi kumruhusu atoke getini. Je, nimekuwa mwoga kupita kiasi?
Mama wa watoto wawili, Kigamboni, Dar es Salaam

JIBU: Hapana, mama. Magomeni milango hufungukia njiani, fundi cherehani na muuza vitumbua wamekaa barazani, na mtoto akipita, watu watano wamemwona na wawili kati yao wanamjua mama yake. Si kosa la upimaji wa viwanja huko Kibada, kwani Magomeni nayo ilipimwa, tena enzi za mkoloni. Kinachomfungia mtoto ndani ni kuta ndefu zisizo na dirisha, duka lililo mbali, na barabara pana iliyonyooka ambayo dereva huiona kama ruhusa ya kukimbiza gari, huku mwenda kwa miguu akiachiwa ukingo wa mtaro.

Habari njema ni kwamba marekebisho yake mara nyingi ni madogo. Mpango wa SARSAI, wa usalama barabarani kwenye maeneo ya shule, unaoendeshwa na shirika lisilo la kiserikali la Amend, uliotunukiwa tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019, ulianzia Dar es Salaam, kwenye shule za msingi ambazo wanafunzi wake waligongwa mara kwa mara. Ulijenga njia za miguu, matuta na vivuko, na kwingine geti la shule lilihamishwa tu kutoka barabara kuu hadi njia ya pembeni. Majeruhi walipungua kwa hadi asilimia 26.

Kwa hiyo itembeeni njia pamoja, kwa miguu, naye akiwa mbele, ili uone anaposita na mahali ambapo gari lililoegeshwa linamziba asione linalokuja. Chagueni njia yenye duka au kijiwe cha bodaboda, hata ikiwa ndefu zaidi, kwa kuwa penye watu wanaomfahamu pana usalama kuliko njia ya mkato iliyo kati ya kuta mbili. Kuhusu matuta, peleka hoja kwenye mkutano wa serikali ya mtaa pamoja na wazazi wenzako, ili maombi yaandikwe kwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambayo tangu mwaka 2017 ndiyo inayosimamia barabara za mitaa. Ikiwa ni barabara kuu, mhusika ni TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania.