Maswali ya Wasomaji: Udongo Mwembamba wa Mlimani

SWALI: Wataalamu, salamu. Naishi Kangemi ila ninalima ekari moja kule Lari, karibu na ukingo wa Bonde la Ufa. Udongo wenyewe una kina cha sentimita 12 tu, chini yake pana mwamba laini wa rangi ya waridi unaokatika kwa sururu. Maharagwe yanadumaa, na mahindi yanageuka zambarau kwenye kingo za majani. Majibu ya maabara yanasema pH 4.6 na alumini 1.0. Mwenye duka la pembejeo ameniambia ninunue magunia 20 ya chokaa na nivunje mwamba wote. Nimsikilize?
*Msomaji, Kangemi*

JIBU: Usimsikilize kwa lolote kati ya hayo mawili. Kwanza ng'oa mche wa maharagwe uoshe mizizi kwa maji. Ukiona ni mifupi, minene, ya kahawia, ncha zake zimevimba na hazina vijizizi vya pembeni, basi alumini ndiyo inayoyaumiza maharagwe yako. pH ni kipimo cha uchachu, namba ikipungua uchachu umezidi: ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imefungwa ndani ya udongo huanza kuyeyuka, na chini ya 5 huyeyuka kwa wingi. Huiumiza ncha ya mzizi, mzizi ukashindwa kwenda mbele. Hiyo zambarau ya mahindi kwa kawaida ni njaa ya fosforasi, kwa sababu alumini hiyohiyo, pamoja na chuma, huishika fosforasi mmea usiipate.

Sasa hesabu ya chokaa. Alumini 1.0 kwenye ripoti maana yake ni sentimoli moja kwa kila kilo ya udongo. Kanuni inayotumika sana ni kuzidisha namba hiyo kwa 1.5, ukapata tani za chokaa safi kwa hekta. Kwako ni tani 1.5 kwa hekta, yaani kilo 600 hivi kwa ekari, sawa na magunia 12 ya kilo 50. Lakini kanuni hiyo hudhani kuna sentimita 20 za udongo wa kuchanganya. Wewe una 12. Punguza kwa uwiano huo, 12 kwa 20: magunia 7 na kitu. Kisha tazama mfuko uone nguvu ya chokaa yenyewe. Ikiwa ni asilimia 80 tu ya chokaa safi, gawanya kwa 0.8, unapata magunia 9. Hayo yanatosha. Kumwaga 20 kwenye udongo mwembamba namna hiyo kunaweza kupandisha pH kupita kiasi, ukazua upungufu wa zinki, manganizi na boroni, na hapo utaanza kununua dawa za kutibu ugonjwa uliojitengenezea.

Unapoinunua, isugue kati ya vidole. Inayofanya kazi msimu huohuo ni ile laini kama unga. Punje kubwa kuliko milimita 2 zitakaa shambani miaka bila faida yoyote ya maana. Chokaa ya mawe ya Koru au Athi River ni sawa, ili mradi iwe ya kilimo. Ile ya kupakia ukuta huunguza ngozi na ina nguvu zaidi, kwa hiyo ukilazimika kuitumia punguza: kilo 100 za chokaa iliyozimwa kwa maji hufanya kazi ya kilo 135 za chokaa ya kawaida.

Imwage Januari au mapema Februari, angalau mwezi mmoja kabla ya mvua za masika, siku isiyo na upepo. Nusu ukielekea kaskazini, nusu ukielekea mashariki, ili isirundikane. Ichanganye kwa jembe papo hapo, kwa sababu chokaa haitembei: ikibaki juu, sentimita mbili za juu zitapona na zilizo chini zitabaki chachu. Usiichanganye na samadi mbichi wala yurea siku hiyohiyo, la sivyo naitrojeni itapaa hewani nawe utaisikia puani.

Kuhusu mwamba: usiuvunje ukauleta juu. Ni mwamba wa volkano uliooza, hauna mboji, fosforasi yake ni haba, na huenda una alumini nyingi kuliko udongo wako. Ukiuchanganya na tabaka la juu umeharibu kile kidogo ulichonacho. Badala yake chimba shimo la sentimita 40, mimina lita 10 za maji, uangalie. Yakipotea ndani ya saa chache, mwamba una nyufa na mizizi itapenya yenyewe kadiri alumini inavyopungua. Yakilala humo hadi kesho yake, tatizo lako la pili ni maji kutuama, na hapo hata chokaa bora haitakuokoa bila matuta.

Kwa vyovyote vile, matuta ndiyo tunayokushauri. Ukishamaliza kuchanganya chokaa, kokota udongo wa nusu ya eneo uupandishe juu ya nusu nyingine, matuta kwa njia, matuta kwa njia. Sentimita 12 zinakuwa 24, na kiasi cha chokaa kinabaki kilekile. Matuta yafuate kontua, si mteremko. Ukiyapanga kushuka na mlima, mvua moja ya Aprili itapeleka shamba lako kwa jirani. Mawe yaliyotoka yapange mstari upande wa chini.

Mbolea ya kupandia iwe TSP (ya fosforasi bila naitrojeni) badala ya DAP (ya fosforasi na naitrojeni), maana amonia iliyomo kwenye DAP huongeza uchachu inapogeuka naitreti. Usiimwage shamba zima. Weka kizibo cha soda kimoja kwa kila shimo, kama gramu 5, uifunike udongo kidogo kabla ya mbegu. Hivyo fosforasi inakutana na mzizi kabla ya kunaswa na alumini. Kwa kukuzia, CAN, mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu, ni bora kuliko yurea hapo.

SWALI: Walimu, nasoma jiolojia. Tumefundishwa kwamba trakaiti na fonolaiti za Limuru na Nairobi ni miamba ya volkano ya alkali. Iweje zizae udongo wenye tindikali?
*Mwanafunzi, Kikuyu*

JIBU: Neno moja, maana mbili. Mwanajiolojia akisema alkali anahesabu sodiamu na potasiamu zilizomo kwenye mwamba. Mkulima anahesabu kalsiamu na magnesiamu zilizobaki kwenye udongo. Sodiamu huoshwa na mvua mapema kuliko zote. Trakaiti ina kalsiamu na magnesiamu haba tangu mwanzo, kwa hiyo feldispa zake, madini yake makuu, zikishaoza hakuna cha kuzuia uchachu, na kinachosalia ni udongo wa mfinyanzi aina ya kaolini pamoja na oksidi za chuma na alumini. Basalti, mwamba mwingine wa volkano wenye kalsiamu nyingi zaidi, huchelewa kufika hapo.

Ushahidi unao mjini mwenyewe. Fonolaiti iliyo chini ya Embakasi imezaa udongo mweusi unaopasuka kiangazi na wala si mchachu, kwa sababu kule ni tambarare, mvua ni chache, na maji hayapati njia ya kubeba madini kwenda zake. Panda hadi Kikuyu na Limuru, penye mvua zaidi na mteremko, ukute udongo mwekundu. Mvua na mteremko vinaamua mengi kuliko jina la mwamba.

SWALI: Je, jivu la jikoni linaweza kuchukua nafasi ya chokaa?
*Msomaji, Kawangware*

JIBU: Kwa kitalu cha sukumawiki, ndiyo. Kwa ekari, hapana. Jivu la kuni lina takriban nusu ya nguvu ya chokaa, na debe moja lina uzito wa kilo 10 hivi. Kufikia kilo 360 za chokaa safi, yaani yale magunia 7 na kitu ya msomaji wa Kangemi, utahitaji madebe zaidi ya 70. Viazi usivitilie, vitapata ukurutu wa ngozi. Majani chai nayo usiyaguse kabisa: hupenda pH ya 4.5 hadi 5.6.

SWALI: Nimeonyeshwa ploti ya bei nafuu Eburru. Pembeni mvuke unatoka ardhini na udongo ni mweupe wenye mabaka mekundu. Unafaa mboga?
*Msomaji, Ngara*

JIBU: Sehemu hiyo nyeupe haifai. Mvuke huja na gesi yenye salfa, ambayo ikikutana na hewa hugeuka tindikali ya salfuriki na kuula mwamba hadi uwe kaolini. Chokaa utakayoweka leo italiwa na tindikali mpya ya kesho. Chukua sampuli kuanzia kwenye mvuke ukienda mbali, moja kila hatua 20, kila moja kwenye mfuko wake wenye namba, uzianike kivulini na uzipeleke maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete. Lima kuanzia pale pH inapopanda juu ya 5. Na kabla ya kulipa, hesabu ni hatua ngapi za ploti zinabaki.